Mifumo miwili, kompyuta moja: anayeamka kwanza ni nani?

Jioni moja nilifuta patisheni za Linux (vipande vya diski vilivyobeba mfumo endeshi huo, kando ya Windows) kwenye kompyuta yangu, nikazima, nikaenda kulala. Asubuhi nilipoiwasha, Windows haikutokea. Skrini ilikuwa nyeusi, na juu kushoto kulikuwa na neno moja tu, grub>, na kistari kinachopepesa mbele yake. Nikabonyeza Enter, ikaja grub> nyingine. Kwa karibu nusu saa niliamini nimefuta kila nilicho nacho.

Kumbe sikuwa nimefuta chochote zaidi ya nilichokusudia. Windows ilikuwa palepale, picha palepale, nyaraka palepale. Kilichokosekana ni karatasi yenye orodha ya nani wa kuamshwa, na karatasi hiyo ilikuwa imehifadhiwa ndani ya patisheni nilizozifuta. Kwa nini ilikuwa huko? Swali hilo ndilo lililonifundisha namna mifumo endeshi miwili inavyoishi ndani ya kompyuta moja, na nitaeleza kuanzia hapo.

Wanaoliogopa jambo hili huwaza kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, basi Windows na Linux zitagombana tu ndani ya diski. Hazigombani, kwa sababu hazikutani. Mmoja ukiwa macho, mwingine ni mafaili tu yaliyolala kwenye diski, hauna nguvu kuliko picha au wimbo. Mimi naifananisha na walinzi wawili wa zamu wanaotumia kibanda kimoja. Wa mchana hajawahi kumwona wa usiku, na kila mmoja anaamini kibanda ni chake peke yake. Kwa hiyo mmoja anasogeza kiti, mwingine anarekebisha saa ya ukutani, na kila anayeingia anashangaa ni nani kamvurugia vitu. Karibu kila tatizo utakalolisikia kuhusu mifumo miwili lina chanzo hicho.

Kabla ya mfumo wowote

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kinachoamka kwanza si Windows wala Linux. Ni programu ndogo iliyokaa kwenye chipu ya ubao mama (motherboard). Inakagua vifaa, kisha inatafuta wa kumkabidhi mashine. (Nazungumzia PC za kawaida zenye chipu za Intel au AMD. Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, zina utaratibu wake kabisa.)

Zamani programu hiyo iliitwa BIOS, na haikujua mambo mengi. Ilisoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu, ikazitekeleza bila kuuliza. Ndani ya hizo 512, baiti 446 ndizo zilizobaki kwa ajili ya programu ya kuanzishia mfumo, 64 zikawa jedwali la patisheni, na 2 za mwisho zikawa alama ya kuonyesha kwamba sekta ni halali. Aya hii peke yake ina herufi nyingi kuliko hizo 446. Mpango huu, unaoitwa MBR, ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, na jedwali lake lina nafasi ya patisheni kuu nne tu. Jambo la kushika ni hili: nafasi ya kuanzishia ilikuwa moja kwa diski nzima. Mfumo uliosakinishwa mwisho ulijiandika juu ya uliotangulia. Hapo ndipo ulipozaliwa ushauri unaorudiwa hadi leo, anza na Windows kisha weka Linux, kwa kuwa Windows ilifuta ya mwenzake bila kujali, na Linux ilikuwa na adabu ya kuangalia kwanza kama kuna mtu ndani.

Kompyuta za leo zinatumia UEFI, na hapa hali ni nyingine kabisa. UEFI inajua kusoma mafaili. Kwenye diski kuna patisheni ndogo ya FAT32, kwa kawaida MB 100 au zaidi kidogo, inayoitwa ESP, na kila mfumo una folda yake humo. Windows huweka faili lake EFI/Microsoft/Boot/bootmgfw.efi, Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, huweka la kwake EFI/ubuntu/shimx64.efi. Kisha ubao mama wenyewe unatunza orodha ya majina na mpangilio wake: huyu wa kwanza, huyu wa pili. Hakuna haja ya yeyote kumfuta mwenzake. Jedwali la patisheni nalo limebadilika kuwa GPT, lenye nafasi za kawaida 128 na nakala ya akiba mwishoni mwa diski.

Je, ushauri wa kuanza na Windows umekufa? Haujafa, ila umepungua uzito. Siku hizi Windows ikisakinishwa baadaye haifuti chochote cha Linux, inajiweka tu juu ya orodha na kunyamaza kana kwamba hakuna mwingine. Wengi wakiona hivyo husema Linux imefutika. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI (mara nyingi ni F2 au Delete wakati wa kuwasha), irudishe Linux nafasi ya kwanza, na jambo limeisha.

Linux inapokuwa ya kwanza, anayeitwa ni GRUB, ile menyu ya maandishi inayokuuliza unataka kwenda wapi. Ukichagua Linux, GRUB inapakia kerneli (kiini cha Linux) yenyewe na kuikabidhi mashine. Ukichagua Windows, haifanyi kazi hiyo. GRUB haijui kuiwasha Windows. Inajua tu mlango wa yule anayejua, bootmgfw.efi, inambishia hodi na kujitoa. Sasa yangu ya asubuhi ile yanaeleweka. Faili la GRUB lilikuwa bado kwenye ESP, na bado lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya ubao mama. Ila menyu yake pamoja na sehemu zake nyingine zilikuwa kwenye patisheni ya Linux. GRUB ikaamka, ikatafuta menyu, ikakosa, ikaniuliza mimi. Dawa ilikuwa kubonyeza kitufe cha orodha ya kuwashia wakati kompyuta inaamka, kuchagua Windows Boot Manager, basi.

Kuna kinyume cha kisa hiki kinachowasumbua wageni: Linux inawaka vizuri lakini Windows haimo kwenye menyu. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe, kwa sababu za usalama. Fungua faili /etc/default/grub, weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha endesha sudo update-grub ikiwa uko kwenye Ubuntu, Mint au Debian.

Kumegea nafasi

Tukirudi nyuma kidogo, kwanza mfumo wa pili lazima upate mahali pa kukaa. Kabla ya hapo nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Sisemi kwa mazoea. Kumega patisheni ni kusogeza mipaka ya shamba ambalo mazao bado yamo, na umeme ukikatika katikati hakuna wa kumlaumu.

Imege Windows ukiwa ndani ya Windows, kwa zana yake ya diski (diskmgmt.msc). Hapo utakutana na kichekesho. Una diski ya GB 512, zaidi ya nusu iko tupu, lakini zana inakwambia unaweza kupunguza GB 40 tu. Haidanganyi. Windows ina mafaili isiyokubali kuyahamisha ikiwa macho, yakiwemo faili la usingizi mzito (hibernation), faili la kumbukumbu ya ziada (pagefile) na sehemu za jedwali la NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, na moja likiwa limekaa katikati ya diski, hapo ndipo mwisho wa kumega. Zima usingizi mzito kwa powercfg /h off, zima kumbukumbu ya ziada kwa muda, washa upya, jaribu tena. Mara nyingi namba inaruka juu sana. Ukishamaliza kumega, rudisha ile kumbukumbu ya ziada.

Nafasi uliyoipata iache tupu, usiifomati. Ubuntu hupendekeza angalau GB 25. Mimi siweki chini ya GB 60, maana baada ya miezi michache ya masasisho na programu, 25 huwa za kubanana.

Ndani ya kisakinishi cha Linux, hatari zote ziko kwenye ukurasa mmoja. Kutakuwa na chaguo la kusakinisha kando ya Windows, na jirani yake, kwa herufi zilezile, chaguo la kufuta diski. Hilo la pili linamaanisha diski yote, si nafasi uliyoimega. Ukiamua kugawa kwa mkono, tambua diski kwa ukubwa wake na si kwa jina tu, kwa sababu nvme0n1 na sda hazimwambii mtu kitu asubuhi akiwa hajaamka vizuri. Na ile ESP itumie iliyopo, usitengeneze nyingine wala usiweke tiki ya kuifomati. Ukiifomati, umefuta mlango wa Windows. Nyumba ipo, mlango hakuna.

Ikiwa kisakinishi hakioni diski yoyote, usidhani imekufa. Kompyuta nyingi zenye chipu za Intel huja diski ikiwa imewekwa chini ya RST au VMD, njia za Intel za kusimamia diski, na si kila kisakinishi cha Linux kinaweza kuiona hivyo. Inabidi kuibadilisha kuwa AHCI, ile njia ya kawaida, kwenye mipangilio ya UEFI. Ukiibadilisha ghafla, Windows inaweza kugoma kuwaka. Iwekee Windows kwanza kuwaka katika hali salama (safe mode), badilisha, iwashe mara moja hivyo, halafu irudishe kawaida.

Jambo la mwisho hapa linaumiza kuliko yote: BitLocker, kufuli la diski la Windows. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski kwa msimbo zenyewe pale mwenye mali anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na wengi hawajui. Ufunguo unakaa kwenye TPM, chipu ya kutunza siri, na chipu hiyo inautoa tu ikiona kompyuta imeamka kwa njia ileile iliyoizoea. Ukigusa mpangilio wa kuwashia, inaona sura ngeni mlangoni, inagoma, na Windows inakuomba tarakimu 48 ambazo hujawahi kuziona. Kwa kawaida zimehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Zitafute na uziandike kabla ya kuanza, kisha sitisha BitLocker kwa muda. Na kama itaendelea kukuuliza tarakimu hizo kila ukiingia Windows kupitia GRUB, acha kupitia GRUB. Iite Windows moja kwa moja kutoka orodha ya ubao mama.

Vurugu za walinzi wasiojuana

Sasa yote yamesakinishwa, menyu inaonekana, umefurahi. Siku mbili baadaye saa ya Windows inasoma uongo.

Fuatilia namba hizi. Tuseme uko mahali palipo saa 3 mbele ya UTC (muda wa kimataifa), na muda halisi ni 16:00. Kwenye ubao mama kuna saa yenye betri. Windows huiandikia muda wa mahali ulipo, desturi iliyorithiwa tangu enzi za DOS, kwa hiyo saa ile inasoma 16:00. Unazima, unawasha Linux. Linux inaamini saa ile daima ni ya UTC, basi inajumlisha 3 na kukuonyesha 19:00. Ikipata intaneti inajirekebisha, inakuonyesha 16:00 sahihi, na kwa nia njema inaandika 13:00 kwenye ubao mama. Unarudi Windows: 13:00. Hakuna aliyekosea, kila mmoja amefuata kanuni yake. Ni ile saa ya ukutani kibandani.

Njia ya haraka ya kuwapatanisha ni kuiambia Linux ifuate desturi ya Windows: timedatectl set-local-rtc 1. Linux yenyewe itakuonya kwamba haipendi hivyo. Njia iliyo safi zaidi ni kuifundisha Windows kutumia UTC, kwa kuongeza kwenye rejista yake (hazina ya mipangilio) thamani iitwayo RealTimeIsUniversal yenye namba 1 chini ya TimeZoneInformation. Chagua moja. Ukifanya zote mbili, umewageuza tu walinzi kila mmoja kushika desturi ya mwenzake, na ugomvi unabaki uleule.

La pili ni kubwa zaidi kwa sababu linagusa mafaili. Tangu Windows 8, kuzima si kuzima. Windows inakutoa kwenye akaunti yako, halafu inaulaza moyo wake kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iamke haraka. Kwa mtumiaji wa mfumo mmoja ni neema. Kwa wetu ni mtego: Windows imelala ikiwa bado inakumbuka diski ilivyokuwa. Linux ikiingia na kuandika kwenye patisheni ile, Windows itaamka na kumbukumbu ya jana juu ya diski ya leo, na hapo mafaili huharibika kweli. Ndiyo maana Linux huikataa patisheni ya namna hiyo, au huifungua kwa kusoma tu. Watu hulalamika kwamba Linux imeshindwa kufungua diski, kumbe imekulinda. Tena jambo linalochekesha ni kwamba kitufe cha kuwasha upya ndicho kinachoizima Windows kikamilifu, kile cha kuzima hakiizimi. Ingia kwenye mipangilio ya umeme uondoe hiyo huduma ya kuwaka haraka. Ile powercfg /h off ya mwanzo inaiondoa pia.

La tatu ni dogo lakini linakera. Umeunganisha spika ya Bluetooth ukiwa Windows, kesho ukiwa Linux ukaiunganisha tena, na ukirudi Windows inakukana. Spika inaiona kompyuta kama kitu kimoja, anwani ni ileile, na inakumbuka ufunguo wa mwisho tu iliopewa. Inawezekana kuhamisha funguo kutoka rejista ya Windows kwenda folda /var/lib/bluetooth ya Linux. Nilifanya mara moja. Sasa hivi natumia spika ya waya.

Kuna pia vurugu isiyotoka kwenye mashine yako. Kinga ya Secure Boot huruhusu kuwashwa kwa programu zenye saini inayokubalika tu, na distro (matoleo ya Linux) kubwa hupita kwa faili dogo liitwalo shim, lililosainiwa na Microsoft, ambalo nalo huithibitisha GRUB. Kwa hiyo si lazima uizime kinga hiyo kama miongozo ya zamani inavyosema. Lakini Agosti 2024, sasisho la Windows lilikuja na sheria mpya ya kuzuia GRUB za zamani zenye udhaifu. Lilikusudiwa kuziruka kompyuta zenye mifumo miwili. Kwa nyingi halikuzitambua, na Linux zikagoma kuwaka zikitoa ujumbe kwamba kuna jambo limeharibika vibaya. Tangu hapo naweka fleshi yenye Linux ya kuwashia kwenye droo, na sijawahi kuijutia.

Je, inafaa?

Kwa anayehitaji Linux saa mbili kwa wiki ili ajifunze amri, sioni sababu ya kumega diski. Mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya Windows) kama VirtualBox, au WSL iliyo ndani ya Windows yenyewe, zinatosha, na hakuna wa kuamshwa kabla ya mwingine. Mifumo miwili inaleta maana pale unapotaka nguvu yote ya mashine, michezo kwenye mmoja na kazi nzito kwenye mwingine, au RAM ni ndogo kiasi cha kutobeba miwili kwa wakati mmoja. Wengine wanaingia taratibu wakiwa na kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11, baada ya usaidizi wa kawaida wa Windows 10 kukoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kuibakiza Windows kwa muda ni busara mpaka uhakikishe kila programu yako ina mbadala.

Kama kompyuta ina nafasi ya diski ya pili, itumie. Chomoa ya kwanza, sakinisha Linux kwenye ya pili, rudisha ya kwanza. Kila mmoja anapata ESP yake na kibanda chake, na nusu ya makala hii haikuhusu tena. Saa itabaki kukusumbua, maana ubao mama ni mmoja.

Na siku ukitaka kuiondoa Linux, fuata mpangilio ambao sikuufuata jioni ile: kwanza ipandishe Windows Boot Manager juu ya orodha kwenye UEFI, zima na kuwasha uhakikishe inakuja yenyewe bila menyu, ndipo ufute patisheni za Linux. Folda ya EFI/ubuntu na jina lake kwenye orodha futa mwishoni kabisa, ukiwa na nafasi.